Sentimita Thelathini na Nane

Nyumba ya Pampu, 4 Februari

Kwa Dokta, mpwa wangu,

Salamu nyingi, na juu ya hizo weka nyingine. Sisi wazima. Mimi nakuita Dokta kuanzia leo, hao wa chuo watakuja kuthibitisha wakipata nafasi.

Ndani ya bahasha hii iko fomu ya kipimo ya mwezi mzima, asubuhi na jioni, hakuna siku niliyoruka. Mwaka huu natimiza miaka kumi na tisa nikisoma ubao ule wa kupimia kina cha mto pale chini ya daraja. Kuna watu wameoa, wameacha, wameoa tena, mimi bado nasoma namba. Nimeendesha lori la magurudumu kumi na manane kwenye nchi saba, nimelala chini ya injini kwenye baridi ya kugandisha mate, lakini kazi iliyonipa jina ni hii. Sokoni hawaniiti tena kwa jina nililopewa na wazazi. Ni Mzee Sentimita, basi.

Watu wa kampuni ya umeme walikuja wiki iliyopita. Wametugawia kofia. Wakasema mtambo wao utachukua maji juu ya mji, uyazungushe, uyarudishe mtoni kule chini, sisi tubaki na taa. Nikawauliza, na pampu yangu iliyo katikati itavuta nini, upepo? Wakacheka, wakasema utafiti wa chuo kikuu umeonyesha mto umepona, maji yapo ya kutosha wote. Nikauliza utafiti wa nani. Wakakutaja! Mpwa wangu! Nilivaa kofia yao hapohapo ingawa inanibana.

Nilimwambia muuza mkaa, nikamwambia kinyozi, nikamwambia na mwalimu mkuu mstaafu aliyenifukuza darasa la tano. Yeye nilimwambia mara mbili.

Mama yako anasema ule.

Ni mimi mjomba wako,
Mzee Sentimita


Idara ya Maji na Nishati, Chuo Kikuu, 17 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Bahasha imefika. Mwambie mama nakula, ila nakula nimesimama.

Natetea tasnifu yangu tarehe 12 Juni mbele ya jopo la watu watano. Nikipita, nafasi ya mhadhiri ni yangu, Profesa ameshaniambia. Huyo ndiye msimamizi wangu na mkuu wa idara, na ndiye pia mshauri wa ile kampuni iliyowapa kofia. Wanasubiri tasnifu yangu waiweke juu ya maombi yao ya kibali. Hoja yangu kubwa ndiyo hiyo waliyokwambia: kwa miaka minane sasa mto wetu umekuwa na maji mengi kiangazi kuliko zamani.

Sasa nina swali, usinikasirikie.

Nimezipanga namba zako zote kwenye mstari mmoja. Mto haukupona polepole kama mgonjwa anavyopona. Ulipanda ghafla, kwenye wiki moja, wiki ile ya mafuriko makubwa, na haukushuka tena hadi leo. Mvua haikuongezeka. Nimeangalia vituo vyote vya mvua.

Na kuna jambo jingine. Unajua ile safu ya mwisho kwenye fomu, iliyoandikwa Maoni? Kwa miaka kumi na tisa umeijaza vituko. "Mto umeamka vibaya leo." "Kiboko amekalia sentimita zangu." "Bibi harusi amevuka na viatu mkononi." Huku ofisini wananicheka. Lakini wiki ile ya mafuriko umeandika, siku saba mfululizo: "Kila kitu sawa."

Mjomba, wewe hujawahi kuandika sentensi fupi namna hiyo maishani mwako. Ubao ulihama?

Mpwa wako


Nyumba ya Pampu, 2 Machi

Dokta,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, nikasimama, nikaisoma tena.

Ubao kuhama! Ubao ule niliahidi mbele ya mji mzima kwamba hata mlima ukihama, wenyewe utabaki. Kwani ni mbuzi? Mimi niliwahi kuegesha lori kwenye mteremko wa barafu, breki zimekufa, nikalizuia kwa jiwe na maneno matamu, halikusogea hata kidole. Ndiye mtu unayemuuliza kama ubao umesogea.

Maoni ni maoni. Wiki ile nilikuwa na mafua.

Wewe tetea hiyo tasnifu upewe kiti chako. Mto ukiwa umepona, si tushukuru? Watu wanatafuta habari njema kwa tochi, wewe umepewa mkononi unaigeuza kutafuta kutu.

Fomu iko ndani. Mkaza mjomba wako anakusalimu, anasema nimepungua usingizi, usimwamini.

Mjomba wako


Chuo Kikuu, 15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sikukusudia kukuudhi.

Nilimpelekea Profesa ule mstari. Akautazama kwa muda wa kumaliza chai yake. Akasema, "Una miezi mitatu, binti. Mto umepona. Wewe unataka kwenda kumwamsha mgonjwa umuulize kama kweli amepona?" Nikamwomba kile chombo cha idara cha kupimia mwendo wa maji nije nipime mwenyewe. Kile chombo, Mjomba, kimeharibika tangu nilipoingia hapa, kiko kabatini kimevishwa mfuko wa plastiki kama maiti. Akaniambia takwimu za miaka kumi na tisa hazihitaji chombo.

Kwa hiyo zimebaki namba zako tu. Kila kitu changu kimesimama juu ya ubao wako.

Nakuuliza mara moja tena, na nitaamini utakachosema. Ukisema haukuhama, nitakwenda mbele ya jopo na kusema haukuhama. Nijibu neno moja.

Mpwa wako


Nyumba ya Pampu, 3 Aprili

Haukuhama.

Fomu iko ndani. Mgongo unauma.

Mjomba


Chuo Kikuu, 11 Aprili

Mjomba,

Bahasha imefika. Nimetazama safu ya Maoni ya mwezi mzima wa Machi. Siku thelathini na moja. Zote: "Kila kitu sawa."

Nimekaa na karatasi hizo mapajani kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Nilisema nitaamini, lakini siwezi. Mwaka mtambo utakapowashwa, kama maji hayo hayapo, mto utakauka kutoka kwenye mfereji wa kampuni hadi kule chini wanakoyarudisha. Pampu yako itavuta matope. Zahanati, shule, mama, nyote mko katikati hapo. Na juu ya kibali kutakuwa na jina langu.

Basi nitasema mwenyewe mbele ya jopo kwamba namba za miaka minane zina shaka. Sijui zimezidi kwa kiasi gani, kwa hiyo sitakuwa na cha kuweka mahali pake. Watanirudisha mwanzo au nyumbani. Jina lako sitalitaja. Nitasema ni hitilafu ya kituo.

Kaa salama.

Mpwa wako


Nyumba ya Pampu, 29 Aprili

Mpwa wangu,

Kaa. Kama unasoma umesimama, kaa.

Nilidhani unaniomba uongo kwa adabu. Wallahi ndivyo nilivyoelewa. Niliona mtoto amefika mlangoni pa udokta, mjomba wake ameshika komeo, anasema kwa upole: Mjomba, sema haukuhama nipite. Nikasema. Nikajiona shujaa, nimekubebea mzigo. Mpaka barua yako ya mwisho, uliposema utakwenda kuchomeka huko peke yako na jina langu ulifiche chini ya "hitilafu ya kituo". Mimi hitilafu ya kituo? Miaka kumi na tisa!

Sikiliza. Wiki ile ya mafuriko ubao uling'oka. Nilipofika asubuhi daraja lipo, ubao hakuna. Niliukuta mbali chini, umenasa kwenye vichaka, umekumbatiana na mlango wa choo cha mtu. Waraka wa ofisi ulikuwa wazi: ubao ukiharibika, msomaji asiguse, aite wapimaji, na yeye asimame kazi mpaka wafike. Nami nilikuwa nimeahidi mji mzima hautang'oka. Nawe ndiyo kwanza umeingia chuo mwaka wa kwanza, kila mtu nimemwambia unasomea maji kwa sababu yangu. Je, nitasema nini sokoni? Kwamba Mzee Sentimita amepoteza sentimita zake?

Nikaubeba begani. Lile zege lake la msingi, lenye nondo mbili, lilikuwa limefukiwa na mchanga, sikulipata. Nikachimba shimo pembeni, nikachimba sana ili safari hii usitikisike, nikausimika. Nilijipongeza kwa kuchimba sana! Sikujua kwamba kila nilivyouzamisha ndivyo nilivyokuwa naupandisha mto. Ubao ukishuka, maji yanasoma juu. Darasa la tano, mwanangu. Hilo nililijua miaka mitatu baadaye, nikiwa naoga, na tangu hapo nimelimeza kama mfupa.

Sasa kazi. Nimekwenda kulitafuta lile zege. Asubuhi tatu. Maji yameshuka, nilihesabu hatua kumi na nne kutoka nguzo ya daraja, nikaingia na sururu na koleo, maji ya kifuani pale penye shimo njiani, na mimi nina miaka sitini na saba na mgongo wangu mmoja tu. Mkaza mjomba wako alishika kamba ukingoni akawa ananipa moyo: "Ukizama mimi naolewa!" Siku ya tatu kidole gumba kiligonga chuma. Nondo ya kwanza. Nikapiga kelele hadi watu wakaja wakidhani ni mamba.

Nikafukua zege lote. Juu ya zege lile ndipo sifuri ya ubao ilipokuwa ikikaa, kabla ya mafuriko, tangu ofisi walipouweka. Nikachukua rula yako ya darasa la sita, nikaifunga kwa kamba ya viatu kwenye mpini wa ufagio, nikaisimamisha juu ya zege. Maji yakafika ishirini na nne. Nikageuza shingo nikausoma ubao wangu: sitini na mbili. Maji ni yale yale, yamelala sawa, hayapendelei mtu. Mto mmoja, saa moja, namba mbili.

Thelathini na nane, Dokta. Si shaka, si hitilafu. Mafuta ya uongo ambayo mto ule umenenepeshwa nayo ni sentimita thelathini na nane, na mimi ndiye niliyeulisha. Nilirudia mara kumi. Kinyozi, mwalimu mkuu na mkaza mjomba wako wamesaini kwamba wameona. Mwalimu mkuu aliingia mtoni na tai.

Ukilificha jina langu nitakuja chuoni kulitaja mwenyewe, na unajua sauti yangu.

Mjomba wako


Nyumba ya Pampu, 6 Mei

Kwa Profesa, Idara ya Maji na Nishati,

Bwana mkubwa, salamu. Hatujuani, lakini mimi nakujua. Wewe umejenga jina juu ya namba zangu, kwa hiyo sisi ni kama mashemeji.

Naandika kukiri. Namba zote za kina cha mto tangu yale mafuriko makubwa zimezidi kwa sentimita thelathini na nane. Kosa ni langu, nililifanya kwa mikono hii, na nikalinyamazia kwa mdomo huu ambao haujawahi kunyamazia kitu kingine. Mpwa wangu hakujua. Alipoanza kujua aliuliza, nami nikamdanganya mara mbili. Vipimo na mashahidi nimeambatanisha.

Nasikia ulisema mgonjwa asiamshwe. Profesa, mimi ndiye niliyekaa kitandani kwake miaka kumi na tisa. Amekonda. Mkimkata mshipa mkamwambia amepona, atafia mikononi mwetu sisi, nyinyi mtasikia redioni.

Sikatai umeme. Mke wangu anataka jokofu kuliko anavyonitaka mimi. Lakini njoo siku moja uingie mtoni. Viatu nitakushikia. Ukisimama pale kwenye zege ukiona maji hayajafika goti, useme mwenyewe kwamba yanatosha, nitakupigia makofi.

Kama mnatafuta wa kufukuzwa, ni mimi. Yule binti mwacheni aseme.

Mzee Sentimita,
Msomaji wa kipimo, darasa la tano (sikulimaliza)


Chuo Kikuu, Ofisi ya Mkuu wa Idara, 14 Juni

Kwa Mtahiniwa,

YAH: KIKAO CHA KUTETEA TASNIFU, 12 JUNI

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Jopo limeazimia kuahirisha uamuzi kwa miezi kumi na miwili ili kupisha marekebisho ya takwimu.

Ninasikitika kwamba, badala ya kuwasilisha tasnifu iliyokubaliwa na msimamizi wako, ulitumia muda wa jopo kusoma barua binafsi ya ndugu yako. Kwa kuwa hukuhitimu katika muda uliopangwa, nafasi ya mhadhiri imejazwa. Mkataba wako wa uhadhiri msaidizi unakoma tarehe 30 Juni.

Aidha, unakumbushwa kuwa ukiamua kurejea kwenye takwimu za awali, ofisi hii iko tayari kuitisha kikao kingine ndani ya wiki nne.

Profesa, Mkuu wa Idara


Chuo Kikuu, 15 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena shikamoo ya miguu yote miwili.

Nimeambatanisha barua ya Profesa, uisome kabla mama hajaiona. Ndiyo, nafasi imekwenda. Sasa ngoja nikueleze chumba kile.

Meza ndefu, jagi la maji, viti vitano, na nyuma kabisa watu wawili wa kampuni na kofia zao. Profesa alikuwa amepata barua yako mwezi mzima uliopita. Hakuniambia. Nilikuwa na nakala uliyonipa, naye hakujua. Akafungua kikao akisema, "Mtahiniwa atatuonyesha jinsi mto ulivyopona."

Nikasimama. Nikasema, "Mto haujapona. Nina barua." Nikaisoma yote, hadi jokofu. Mtahini wa nje, mama mmoja wa makamo aliyetoka chuo kingine, alikuwa na kalamu mdomoni. Profesa akanikatiza: "Hii ni hadithi ya mzee wa kijijini mwenye darasa la tano." Nikamjibu, Mjomba, sijui nilipata wapi: "Profesa, namba zake ulizikubali miaka minane bila kuuliza darasa."

Yule mama akatoa kalamu mdomoni. Akaniuliza swali moja tu: "Rula aliifunga kwa kitu gani?" Nikasema, kamba ya viatu, na rula ni yangu ya darasa la sita, jina langu bado liko nyuma. Akaandika. Kisha akanitaka nionyeshe hesabu mpya. Nilikuwa nazo. Nilizifanya upya zote mwezi Mei, miaka minane, siku kwa siku, nikitoa thelathini na nane.

Kiangazi maji ya mtambo wao hayapo. Hayapo kabisa, wakiuwasha mto utakauka siku sabini na moja kwa mwaka. Lakini mtambo wa robo ya ule, ukisaidiwa na paneli za jua miezi ya kiangazi, unawasha mji mzima na pampu yako inaendelea kunywa. Yule mama amechukua nakala, anaipeleka mwenyewe Wizara ya Maji, anasema ofisi ya vibali isidanganywe kwa chapa ya chuo chochote.

Ofa ya Profesa nimeijibu kwa mstari mmoja: "Takwimu za awali si zangu tena."

Sina kazi, sina udokta, nina miezi kumi na miwili. Natafuta mahali pa kuandikia. Kile chumba cha nyuma cha pampu bado kina meza?

Mpwa wako


Nyumba ya Pampu, 1 Julai

Kwa Dokta,

Narudia: Dokta. Hao wameahirisha, mimi sijaahirisha.

Meza ipo. Nimetoa makopo ya rangi na tairi langu la kumbukumbu. Mama yako amepaka ukuta, ameupaka vibaya, usimwambie. Barua ya Profesa tuliisoma sote, mama yako akaikunja vizuri akaiweka chini ya mguu wa meza, ilikuwa inayumba.

Wizara walituma wapimaji wawili na chombo cha miguu mitatu. Walishinda kutwa mtoni. Wakasema tofauti ni thelathini na saba na nusu. Nusu! Nikawaambia warudie. Wakarudia, ikawa thelathini na nane kasoro kidogo sana. Tumekubaliana, wao wameandika yao, mimi yangu. Kibali cha kampuni kimesimamishwa mpaka hesabu zako zipitiwe. Kofia nimeivisha sanamu ya kutishia ndege shambani, ndege wanaiheshimu.

Mimi nimefukuzwa. Barua fupi, ina mhuri mzuri. Nimekiuka waraka wa mwaka ule, sina haki ya kugusa ubao wala kujaza fomu. Ni kweli nimekiuka. Nimewasainia kwamba nimepokea, nikawauliza nani atasoma kesho asubuhi. Wakasema bado wanatafuta. Nikawauliza, na mto nao usimame mkitafuta?

Mji mzima umejua sasa. Sokoni walinyamaza siku mbili, siku ya tatu muuza mkaa akaniita, "Wewe Thelathini na Nane!" Nikaitika. Jina limeongezeka, halikupungua.

Wapimaji waliusimika ubao kwenye zege lake, kwenye nondo zile zile. Leo saa moja asubuhi nilikwenda na daftari langu mwenyewe, maana fomu si yangu tena. Nimechora safu kwa rula yako. Utakuta daftari mezani ukifika, lakini siwezi kusubiri, nakuandikia hapa mstari wa kwanza:

Tarehe: 1 Julai. Saa: moja asubuhi. Kina: sentimita ishirini na moja.

Maoni: Mto umevua koti la kuazima. Umekonda, unatetemeka, lakini leo nimeujua.

Mjomba wako